Kalamu Nyekundu Imenifuata Hadi Shahe

Nina malalamiko, na kwa kuwa mume wangu amechoka kuyasikia, leo mtayasikia ninyi. Yanamhusu binti yangu wa darasa la tano. Ada yake ya shule ya Kiingereza nailipa kwa faida ya fulana, naye ameamua kuitumia elimu hiyo kuziharibia soko fulana zilezile.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yangu. Nina fremu Kariakoo, jirani na Mtaa wa Congo, nauza nguo za watoto na fulana za vijana kwa jumla. Wateja wangu wanatoka Mbeya, Tunduma, Lubumbashi, mpaka Moroni. Mzigo naufuata mwenyewe Guangzhou, na nikifika huko siendi kwenye maghorofa yenye kiyoyozi ambako muuzaji anakumiminia chai kabla ya kukutajia bei. Naenda Shahe, wilaya ya Tianhe. Shahe hakuna chai, hakuna kiti, na salamu ni ya kubahatisha.

Shahe ni soko la watu wasiolala. Maduka yanafunguliwa usiku unapoelekea alfajiri, saa ambazo kwetu walio macho ni walinzi na wanga. Adhuhuri ikikaribia, wengi wameshaanza kufunga. Katika saa hizo chache Uchina nzima inataka kupita kwenye kichochoro kimoja, na kila mtu ana mkokoteni. Fremu zenyewe ukinyoosha mikono umegusa kuta zote mbili. Kujaribu nguo, hakuna. Kupiga picha, hawataki, wanaogopa mtindo wao utaigwa duka la pili. Kununua pisi moja ni kumtukana mtu. Unachukua seti, rangi zote na saizi zote, pamoja na ile rangi ya njano ambayo hata mwenye duka anajua haitanunuliwa na mtu. Muuzaji anakuita meinü, yaani mrembo, kama anavyomwita kila mwanamke apitaye, hata aliyelala saa mbili na kuvaa kandambili. Kisha anakuandikia bei kwenye kikokotoo. Unafuta, unaandika yako. Anafuta, anaandika yake, anaguna. Mkikubaliana, fedha inapita kwa simu na mfuko mweusi unafungwa kabla hujameza mate.

Sasa mtu mwenye akili timamu aniambie: katika hali hiyo, saa kumi alfajiri, mkokoteni wa mtu unanigonga visigino, nitasoma saa ngapi kilichoandikwa kifuani mwa fulana? Mimi nakagua kitambaa. Naivuta shingo nione kama inarudi. Naangalia mshono wa kwapa. Napitisha ukucha juu ya chapa nione kama inabanduka. Yale maandishi nayachukulia kama maua: yakiwa yamekaa katikati na rangi haichuji, yamefaulu.

Hapo linaingia tatizo la saa. Guangzhou imeitangulia Dar es Salaam kwa saa tano. Ninapolipa saa kumi na moja alfajiri, nyumbani ni saa sita usiku na mkaguzi wangu anakoroma. Anapoamshwa saa kumi na mbili asubuhi aliwahi basi la shule, kwangu ni saa tano, soko linafungwa, mzigo umeshapigwa gundi, umeandikwa namba na uko njiani kwenda ghala la kago. Mimi nimekaa kijiweni na bakuli la tambi pana za mchele, nimemtumia baba yake picha za sampuli kwa WeChat, maana WhatsApp kule haifunguki bila ujanja. Ndipo simu inapolia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mama, zile fulana za pinki umeshalipia?"

"Nimeshalipia. Nzuri, eh?"

"'Beautiful' ina L moja mwishoni."

Hakuuliza kama nimekula, hakuuliza kama miguu inauma. L moja. Na huo ulikuwa mwanzo tu. Zilifuata "FREINDS FOREVER", ikafuata "CALIFRONIA", ikafuata "HAPPINES" ambayo, kwa maelezo yake, furaha yake imekatika mkia. Nikamwambia mteja wa Tunduma hanunui herufi, ananunua pamba. Akanijibu kwamba mteja wa Tunduma naye ana watoto, na watoto wanasoma. Mtoto wa miaka kumi na moja ananijibu mimi hivyo, tena kwa kifurushi cha intaneti nilichonunua mimi!

Niliporudi nyumbani nikaacha sampuli moja kitandani, nikaenda kuoga. Kutoka, nakuta neno la kifuani limezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake imeandikwa "sp" kama mwalimu wake anavyosahihisha daftari. Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Asubuhi nikaitupia dukani pamoja na nyingine ili niione hasara yangu vizuri. Mteja wa Moroni akaingia, akazipekua zote, akashika ileile, akaniuliza kama hiyo yenye duara jekundu ninayo kwa saizi zote.

Kabla hamjawacheka Wachina, ngoja niwatetee, maana wamenilisha. Fundi wa kuchapa fulana hafahamu Kiingereza na hakuajiriwa kwa ajili hiyo. Anapewa mchoro, anautengenezea fremu ya kuchapia, anapitisha wino. Herufi kwake ni mistari na mikunjo, na mkunjo ukihama upande katika fremu, utahama katika kila fulana itakayopita chini yake. Kosa moja, fulana elfu. Hata sisi tungepewa kazi ya kuchora herufi za Kichina kwenye mashati, nadhani kule Guangzhou watu wangecheka mpaka tambi ziwatoke puani. Na wapo vijana wetu waliojichora maandishi hayo mikononi kwa wino usiofutika bila kumuuliza mtu. Hao nawaombea tu.

Tena hizo tambi. Asili yake ni hapohapo Shahe, na jina lake, shahefen, limebeba jina la mtaa wenyewe. Zimesafiri na Wachina mpaka Singapore na Malaysia, na ukisoma mbao za migahawa huko utakuta "ho fun", utakuta "hor fun", na Uchina yenyewe kwa tahajia yao ya pinyin, iliyopitishwa mwaka 1958, inaandika "hefen". Tambi ni zilezile, na hakuna mtoto wa darasa la tano aliyepita na kalamu nyekundu. Mimi nikiongeza L moja, nyumba haikaliki.

Nikaona nimshtaki kwa baba yake, ambaye ni mwalimu wa sekondari. Kosa. Mtu mwenye mzigo bandarini hapaswi kumuuliza mwalimu wa historia swali lolote. Akavuta kiti, akaanza. Kwamba Waingereza wenyewe ndio waliovuruga. Kwamba William Caxton alileta mtambo wa kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, na mafundi wake, waliozoea uandishi wa Kiflemi, ndio waliotia H ndani ya "ghost", na imekaa humo mpaka leo haina kazi. Kwamba "debt" zamani iliandikwa bila B, wakaja wasomi waliotaka ionekane ina ukoo na Kilatini, wakaipachika. Kwamba "island" nayo ilitiwa S kwa kudhaniwa ina ukoo ambao haina. Kwamba mwaka 1828 Noah Webster alitoa kamusi yake Marekani na kuipa nguvu "color" isiyo na U, hivyo fulana ileile yaweza kuwa sahihi New York na kosa London.

Nikamuuliza: kwa hiyo fundi wa Uflemi akikosea inakuwa sarufi, na fundi wa Guangzhou akikosea inakuwa aibu yangu? Akasema ndiyo, tofauti yao ni miaka mia tano. Nikamwambia kontena langu haliwezi kusubiri hivyo.

Lakini nilipolala nikalifikiria jambo hilo, nikaona mtoto anaonewa zaidi yangu mimi. Kiswahili kina raha yake. Tangu wazee walipokaa Mombasa mwaka 1928 kuchagua Kiunguja kiwe msingi, na Kamati ya Kiswahili ikaundwa mwaka 1930 kusimamia maandishi, mtoto wetu akijua silabi zake amemaliza. Anaandika anachosikia, na hata akidondosha H ya "habari" tunaelewana. Kisha unamkabidhi lugha ambayo K ya "knife" imekaa bure na G ya "night" imekuja kumsindikiza mwenzake. Akikosea anachapwa, au anaambiwa aandike neno mara ishirini. Mwalimu wa tuisheni alimpa adhabu hiyo mwanangu kwa neno "separate". Akaliandika mara ishirini kwa utiifu mkubwa, "seperate", ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri wa kupendeza. Mara ishirini alijifunza kosa, na tuisheni nilikuwa nimelipia.

Nyumbani sasa tunafanya vingine, na nitawaeleza bure ingawa kwangu hakuna kilichokuwa bure. La kwanza, mtoto aliangalie neno, alifunike, aliandike bila kuchungulia, kisha alifunue ahakikishe mwenyewe. Ukimpa la kunakili, mkono ndio unaosoma na kichwa kinaangalia katuni. La pili, alisome neno la Kiingereza kwa Kiswahili, bila haya. "Wednesday" mwanangu analitamka we-dine-si-dai, majirani wanadhani ni mganga, lakini D yake haipotei. "Separate" ni se-pa-ra-te, na A zake mbili zimekaa. "Business", neno lililonilea, ni bu-si-ne-si, kisha unamwongezea S ya kutolea risiti. Na "February" Mswahili hana sababu ya kulikosea, maana Februari yetu imeitunza R ambayo Waingereza wenyewe wengi wanaimeza.

La tatu, makosa yana koo zake, na ukiujua ukoo hutahangaika na kila mtoto. Kuna ukoo wa herufi pacha, kama "accommodation" yenye C mbili na M mbili, ambayo hoteli nyingi za Guangzhou, na si chache za Sinza, zimeinyima mojawapo. Kuna ukoo wa I na E, ambao una kanuni maarufu shuleni na wavunjaji wa kanuni si haba, "weird" akiwa kiongozi wao. Kuna ukoo wa herufi bubu. Na kuna ukoo wetu sisi wenyewe, wa L na R kubadilishana viti, ambao hata kwa Kiswahili umewafanya watu waende kula siku ya kura. Mtoto awe na daftari dogo la makosa yake mwenyewe, si la makosa ya darasa zima. La nne, akimaliza kuandika insha aisome kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Ukisoma kwa mtiririko, jicho linajua hadithi inaelekea wapi na linaruka. Ukirudi kinyumenyume, kila neno linasimama peke yake na kujieleza.

Kaka yake wa kidato cha pili hayumo kwenye mpango huu. Yeye anaandika "cjui" na "xaxa" katika simu, na nikimsahihisha ananiambia ndivyo inavyoandikwa. Hiyo ni kesi nyingine na hakimu wake ni baba yake.

Aliyenifungua macho hasa ni mama yangu mzazi, wa Tanga. Nilimpigia nimlalamikie mjukuu wake, nikitegemea ataniunga mkono. Akaniuliza: "Wewe ulidhani katoa wapi?" Nikakumbuka. Mama yangu hajawahi kununua khanga kabla ya kuisoma. Pindo ataliangalia, mji atauangalia, lakini jina ndilo litakaloamua, maana khanga yenye jina baya ukiingia nayo harusini umetangaza vita na wifi yako. Muuzaji anamtajia bei, yeye anavaa miwani. Alishawahi kukataa khanga iliyokosa H katika "mahaba", akasema mapenzi ya siku hizi yana upungufu wa kutosha, hayahitaji kupunguziwa na herufi. Na hizo khanga nyingine zilitoka kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960. Kwa hiyo ukaguzi wa maandishi kwenye nguo zenye mkono wa Mchina haukuanza na binti yangu. Ni kazi ya ukoo, imeruka kizazi kimoja, na kizazi hicho ni mimi.

Safari iliyofuata binti akanipa karatasi. Ameorodhesha maneno yanayopenda kukosewa kwenye fulana, kwa herufi kubwa ili niyaone hata gizani: FRIENDS, BEAUTIFUL, HAPPINESS, BELIEVE, ORIGINAL, SUCCESS, FOREVER, CALIFORNIA. Juu ameandika kichwa cha habari, "Kazi ya Mama". Mimi niliyemlipia ada nimepewa kazi ya nyumbani, tena ya kufanyia ng'ambo.

Ilikuwa likizo ya kiangazi ya shule za Uchina. Dukani kwa mama mmoja ninayechukua mzigo kwake nilimkuta mwanawe wa kiume amekalia mafurushi, daftari la vijisanduku mapajani, mama anamsomea maneno naye anayaandika kwa herufi zao, kila herufi mistari kumi na kitu. Akikosea mstari mmoja, mama anafoka bila kuacha kukokotoa. Ile sauti niliifahamu. Ni yangu, ila kwa Kichina.

Nikatoa karatasi, nikaanza kulinganisha na fulana iliyotundikwa. "FREINDS". Nikamwonyesha mama mwenye duka. Akaongea na simu yake, simu ikanitafsiria kwa sauti ya mtu asiye na shida: huo ndio mtindo wa mwaka huu. Nikatikisa kichwa. Yule mtoto akashuka kwenye mafurushi. Watoto wa Uchina huanza Kiingereza shuleni darasa la tatu, na huyu alikuwa ameshapita. Akaiangalia karatasi, akaiangalia fulana, akaweka kidole penye E, akamwambia mama yake neno moja tu. Sikuhitaji simu kunitafsiria. Mama yule alimwangalia mwanawe kwa jicho ambalo kwangu limeota sugu: jicho la mtu anayelipa ada.

Tukatazamana, mimi na yeye. Kisha akachukua kikokotoo, akafuta bei ya mwanzo, akaandika nyingine iliyopungua nusu yuan kwa pisi. Nusu yuan kwa pisi moja ni mzaha, kwa mzigo mzima ni nauli ya bajaji za miezi. Nilizichukua. Nilichukua pia "HAPPINES", kwa masharti yaleyale. "SUCCESS" ilikuwa na S zake zote, ikabaki bei yake, na nikaona si haki kumwadhibu mtu aliyepatia.

Niliporudi nikafanya kosa la kumsimulia binti. Akaniomba asilimia. Nikamwambia chakula anachokula ndiyo asilimia. Akaniambia basi orodha ya safari ijayo itakuwa fupi. Huyu hatakuwa mwalimu kama baba yake, huyu atakuwa ajenti wa forodha.

Basi wazazi wenzangu, nimesema yangu, sikieni na la kuchukua. Kitabu cha tahajia mtoto anakikimbia, lakini kosa la mtu mzima analifuata mbio, pua chini. Mpeni fulana asome, mpeni mabango ya barabarani, karatasi za chipsi, menyu ya hoteli, kadi za harusi za jamaa zenu. Kalamu nyekundu mwacheni aishike yeye, si mwalimu peke yake. Fimbo wekeni pembeni, maana aliyetia H ndani ya "ghost" hakuchapwa. Na mumfundishe adabu ya kusahihisha: aamkie kwanza, aulize hali, ndipo alete L yake.

Na wateja wangu, fulana zenye makosa bado zipo. Someni kabla ya kulipa; nikishapokea hela, sirudishi.